Sura ya Sita: Mzigo wa Kuthibitisha

Kisiwa cha Mer hakifiki kilomita 3 kwa urefu. Kiko upande wa mashariki wa Mlango-bahari wa Torres, kati ya ncha ya kaskazini ya Australia na Papua Guinea Mpya, na udongo wake wa volkano umewalisha watu wake vizazi na vizazi. Wameriam ni wakulima na wavuvi. Hulima viazi vikuu na migomba, na ufukweni wazee wao walijenga kuta za mawe: maji yakijaa samaki huingia, yakipwa samaki hubaki ndani wakimngoja mwenye ukuta. Kila ukuta una mwenyewe. Kila shamba nalo lina mwenyewe, na mpaka wake unaweza kuwa mti fulani au jiwe fulani ambalo mgeni angelipita bila kulitupia jicho. Mzazi humtembeza mwanawe mipakani akimwonyesha hapa petu panaishia, kule ni kwa akina fulani. Siku akifa, shamba huenda kwa yule aliyemtaja kwa mdomo wake.

Utaratibu huo unalindwa na sheria ya Malo, ambaye masimulizi ya kisiwa humweleza katika umbo la pweza. Amri zake mtoto anaweza kuzikariri: usitie mkono kwenye cha mwenzio, usikanyage shamba la mtu bila ruhusa yake. Nimeanza na shamba na ukuta wa mawe kwa makusudi. Kesi nitakayoisimulia mara nyingi hutajwa kama suala la kisiasa, au la rangi, au la historia. Yote hayo yamo. Lakini mahakamani hoja ilikuwa ya kila siku, ile ambayo baraza la ardhi la kijiji lolote linaifahamu: shamba hili ni la nani?

Mwaka 1879 serikali ya koloni la Queensland ilikiunganisha kisiwa hicho na himaya yake. Kwa hesabu za wanasheria wa koloni, tangu siku hiyo kila kipande cha ardhi ya Mer kilikuwa mali ya Taji la Uingereza. Hakuna aliyekuja kung'oa viazi. Watu waliendelea kulima, kurithishana na kugombania mipaka yao kama kawaida, na karibu miaka mia moja ikapita huku vitabu vya serikali vikiwahesabu kuwa wakazi tu, wasio na haki yoyote juu ya ardhi waliyosimama.

Eddie Koiki Mabo, mzaliwa wa kijiji cha Las kisiwani Mer, aliligundua hilo akiwa mtu mzima. Alikuwa ameondoka kisiwani akiwa kijana, akafanya kazi nyingi za mikono, kisha akaajiriwa kuwa mtunza bustani wa Chuo Kikuu cha James Cook mjini Townsville. Hapo akazoeana na wanahistoria wawili, Henry Reynolds na Noel Loos. Reynolds ameeleza jinsi siku moja miaka ya 1970 walivyokuwa wakizungumza, na Mabo akawa anasimulia kwa furaha juu ya shamba lake kule nyumbani. Wale wawili wakatazamana. Ilibidi wamwambie kwamba kisheria hana shamba. Mabo hakuweza kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angesema ardhi ya baba yake si ya baba yake.

Ili kuelewa hali hiyo ilitoka wapi, turudi nyuma kidogo. James Cook alipotumwa kusini mwaka 1768, maagizo aliyopewa yalimtaka atwae maeneo yanayofaa kwa ridhaa ya wenyeji. Agosti 1770, kwenye kisiwa kidogo karibu na ncha ya kaskazini, alipandisha bendera na kuitwaa pwani yote ya mashariki kwa jina la Mfalme George wa Tatu. Ridhaa hakuiomba kwa mtu. Mwaka 1788 Arthur Phillip akafika na meli za wafungwa, na makazi yakaanza mahali ambapo leo ni Sydney.

Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilijua njia tatu za kupata nchi ya ng'ambo: kuishinda kwa vita, kuachiwa kwa mkataba, au kuhamia pasipo na mwenyewe. Kwa njia mbili za kwanza, sheria za wenyeji na mali zao ziliendelea kutambuliwa mpaka mtawala mpya azibadilishe. Kwa njia ya tatu hakukuwa na cha kutambua. Australia, bara lililokuwa na lugha zaidi ya 250 na watu walioishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka, iliwekwa kwenye fungu la tatu. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alijaribu kufanya mapatano ya ardhi na wazee wa Kulin, karibu na ilipo Melbourne leo. Mapatano yenyewe yalikuwa ya kinyonyaji, lakini Gavana Richard Bourke hakuyafuta kwa sababu hiyo. Aliyafuta kwa sababu ardhi ilikuwa ya Taji, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na kitu cha kuuza. Na mwaka 1889, majaji wa Baraza la Mfalme huko London, waliokuwa ngazi ya mwisho ya rufani kwa makoloni yote, wakaandika katika kesi ya Cooper dhidi ya Stuart kwamba New South Wales ilikuwa nchi isiyokaliwa na watu wenye makazi wala sheria ya kudumu.

Majaji wa baraza hilohilo walituamulia na sisi Afrika. Mwaka 1918 waliulizwa ardhi ya Rhodesia ya Kusini ambayo haijagawiwa ni ya nani: kampuni ya Cecil Rhodes, walowezi, wenyeji au Taji? Wakajibu ni ya Taji, na wakaeleza kwamba kuna makabila yaliyo chini mno kwenye ngazi ya maendeleo ya jamii kiasi kwamba desturi zao haziwezi kulinganishwa na haki zinazojulikana kisheria. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1921, walisikiliza rufani ya Amodu Tijani, Chifu Oluwa wa Lagos, na safari hii wakaonya kwamba ni kosa kuupima umiliki wa Kiafrika kwa kipimo cha Kiingereza, na kwamba ardhi ya ukoo ni mali halali. Maneno hayo mawili yanayopingana yaliishi bega kwa bega kwa miaka 70. Huko Kenya, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1920, mahakama iliwaambia Wakikuyu kuwa ni wapangaji wa Taji kwa hiari ya Taji. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki asidhani anasoma habari za watu wa mbali. Mzizi ni mmoja.

Australia yenyewe ilipata nafasi ya kujisahihisha mwaka 1971, ikaikosa. Katika rasi ya Gove, kaskazini, Wayolngu wa Yirrkala walikuwa wameona zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi yao zikimegwa kwa ajili ya mgodi wa boksiti. Mwaka 1963 walipeleka malalamiko bungeni yakiwa yamebandikwa kwenye magome ya miti, pembeni wamechora alama za koo zao, maneno yakiwa kwa lugha yao na kwa Kiingereza. Bunge likayapokea, mgodi ukaendelea. Wakaenda mahakamani. Jaji Richard Blackburn aliwasikiliza kwa heshima, na alikubali kwamba walikuwa na mfumo wa sheria ulio makini na unaofuatwa. Kisha akasema mfumo huo haukuwapa kitu ambacho sheria ya Kiingereza inakiita mali. Kwa jinsi alivyoelewa ushahidi, watu hao walikuwa wa ardhi kuliko ardhi ilivyokuwa yao. Wakashindwa.

Mabo na wenzake wanne, wakiwemo Mchungaji David Passi na James Rice, walifungua kesi yao Mei 1982. Ilidumu miaka kumi. Serikali ya Queensland haikungoja hukumu: mwaka 1985 bunge lake lilipitisha sheria fupi iliyosema kwamba haki yoyote ya Wameriam, kama iliwahi kuwepo, ilikufa mwaka 1879, na hakuna fidia. Sheria ya kuua kitu ambacho mshtakiwa anadai hakikuwahi kuzaliwa! Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya mwisho nchini humo, iliitupa kwa majaji wanne dhidi ya watatu, kwa sababu ilikiuka Sheria ya Ubaguzi wa Rangi ya mwaka 1975. Laiti jaji mmoja tu angegeuka upande wa pili, sura hii isingeandikwa.

Wakati huo ushahidi ulikuwa unasikilizwa mbele ya Jaji Moynihan wa Queensland, ambaye Mei 1989 alihamishia kikao kisiwani Mer ili aione mipaka kwa macho. Mabo alikaa kizimbani siku nyingi akihojiwa juu ya ukoo wake. Alikuwa amelelewa na mjomba wake Benny Mabo, na kwa desturi ya Mer mtoto wa kulea hurithi kama wa kuzaa. Jaji hakuridhika. Alipotoa matokeo yake mwaka 1990, hakukubali kuwa Mabo ni mrithi wa yale mashamba aliyodai. Lilikuwa pigo zito kwa mtu aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kwa jambo hilo, na hapa tayari linajitokeza tatizo litakalotuandama hadi mwisho wa sura: nani anamthibitishia nani, na kwa vipimo vya nani.

Tarehe 21 Januari 1992 Mabo alifariki kwa saratani akiwa na miaka 55. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo majaji sita dhidi ya mmoja walitangaza kwamba Wameriam, dhidi ya ulimwengu wote, wana haki ya kumiliki, kukaa na kuitumia ardhi ya Mer. Jaji Gerard Brennan, aliyeandika hukumu kuu, aliikataa ile ngazi ya mwaka 1918 iliyopanga watu juu na chini, akakubaliana na maneno ya kesi ya Lagos. Akasema sheria ya nchi haiwezi kuendelea kusimama juu ya ubaguzi.

Jambo moja katika hukumu hiyo halipaswi kutupita. Mahakama haikuwapa Wameriam ardhi. Ilisema ardhi ilikuwa yao siku zote, kwa sheria yao wenyewe, na kwamba Taji lilipokuja lilipata mamlaka ya kutawala, si umiliki wa kila shamba. Chanzo cha haki ni Malo. Mahakama iliyokaa Canberra ilichofanya ni kuiona.

Hukumu hiyo, hata hivyo, ilikuja na masharti, na masharti hayo ndiyo yametawala miaka yote iliyofuata. La kwanza: serikali ikishatoa ardhi kwa mtu mwingine kwa umiliki kamili, haki ya wenyeji pale inakufa na haifufuki. La pili: majaji wengi walisema kifo hicho, chenyewe, hakidai fidia. Kinga ya kweli ilianza mwaka 1975 tu, ilipokuja Sheria ya Ubaguzi wa Rangi. Miaka 187 ya mwanzo ikaachwa nje. La tatu ndilo zito kuliko yote: kundi linalodai lazima lionyeshe kwamba bado linashika sheria na desturi za mababu, na kwamba uhusiano wake na ardhi haujakatika. Brennan alitoa mfano wa wimbi la historia: likishaosha desturi zote, haki nayo imekwenda.

Mwaka 1993, serikali ya Paul Keating ikapitisha Sheria ya Milki ya Wenyeji, iliyoanza kutumika Januari mosi 1994. Masharti hayo yakaingia humo. Na mzigo wa kuyathibitisha ukawekwa mabegani mwa wenyeji.

Hapo ndipo walipokutana nao Wayorta Yorta.

Nchi yao iko pande mbili za mto Murray, kwenye misitu ya miti mirefu inayoota majini, mpakani mwa majimbo ya Victoria na New South Wales. Ni nchi nzuri kwa malisho, na ndiyo iliyokuwa balaa lao. Walowezi wa kondoo walifika huko mapema, miaka ya 1840. Magonjwa na bunduki vikawapunguza watu kwa kasi ya kutisha. Waliosalia wakakusanyika kwenye misheni ya Maloga, baadaye kwenye kituo cha Cummeragunja. Mwaka 1881 wanaume 42 wa Maloga walitia saini ombi kwa gavana. Walieleza kwamba ardhi yao yote imechukuliwa, wanyama wa kuwinda wanakwisha, na wakaomba wapewe kipande cha nchi walime na kufuga ili wajitegemee. Mwaka 1939 wakazi wa Cummeragunja waligoma na kuvuka mto kwa pamoja kupinga njaa na unyanyasaji wa meneja. Lugha yao na sherehe zao vilikuwa vimepigwa vita na watawala wa misheni na vituo. Hawakuondoka, hata hivyo. Waliendelea kuishi na kuzika wafu wao palepale, wakivua mto uleule na kuitetea misitu ileile.

Dai lao la mwaka 1994 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa chini ya sheria mpya. Jaji Howard Olney alisikiliza kwa zaidi ya siku 100, mashahidi wapatao 200. Mwezi Desemba 1998 akaamua. Ushahidi alioupa uzito mkubwa zaidi juu ya desturi za mababu wa Wayorta Yorta ulikuwa kumbukumbu za Edward Curr, mlowezi wa kondoo aliyekaa huko miaka ya 1840 na kuchapisha kitabu chake miaka 40 baadaye. Maneno ya wazee waliosimama mbele yake akayapa uzito mdogo kuliko maneno ya mtu aliyewanyang'anya babu zao malisho. Na ile barua ya 1881? Jaji aliisoma kuwa ushahidi dhidi yao. Kama mwaka huo walikuwa wanaomba shamba la kulima na kufugia, basi walikuwa wamekwisha kuacha maisha ya mababu. Wimbi lilikuwa limepita, akasema. Haki haipo.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na kila mara hasira hunipanda. Watu wananyang'anywa ardhi, wananyimwa chakula, wanaomba kwa unyenyekevu warudishiwe kipande cha kilicho chao, na miaka 117 baadaye ombi lao linakuwa cheti cha kifo cha haki yao. Desemba 2002 Mahakama Kuu, kwa majaji watano dhidi ya wawili, ikakubaliana na matokeo hayo. Majaji watatu kati ya hao watano walifafanua kipimo: si kwamba desturi zisibadilike kabisa, bali lazima mfumo wa sheria wenyewe uwe umeendelea bila kukatika kwa kiasi kikubwa, kizazi hadi kizazi, tangu siku Taji lilipotangaza mamlaka. Ukikatika kwa kizazi kimoja, hata kwa kulazimishwa, kuuhuisha baadaye hakusaidii. Majaji wawili waliobaki, Gaudron na Kirby, hawakukubali, na mimi niko nao.

Tazama matokeo ya kipimo hicho. Aliyenyang'anywa mapema na kwa ukatili zaidi ndiye mwenye ushahidi hafifu zaidi. Aliyeachwa jangwani, mahali ambapo hapakuwa na dhahabu wala nyasi, ndiye anayeshinda. Ukichukua ramani ya Australia ya leo, utaona zaidi ya thuluthi ya bara imekwisha kutambuliwa kuwa na milki ya wenyeji ya aina moja au nyingine, na sehemu kubwa iko jangwani na kaskazini. Kusini-mashariki, kwenye miji na mashamba ya ngano, ni madoa tu.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliulizwa swali linalofanana na hilo. Serikali ya Kenya ilidai kwamba Waogiek wa msitu wa Mau wamebadilika na kwamba maisha yao sasa hayatofautiani na ya majirani zao. Hukumu ya Mei 2017 ililikataa dai hilo: utamaduni haulazimiki kuganda ili uhesabiwe kuwa utamaduni. Kwa jambo hili Arusha iliona mbali kuliko Canberra.

Nisiwe mchoyo wa sifa pale zinapostahili. Kwenye ukingo wa Jangwa Kuu la Mchanga, watu wa Ngurrara waliona kwamba hawawezi kuyafikisha mambo yao kwa maafisa kwa njia ya maswali na majibu ya Kiingereza. Mwaka 1997 walitandika turubai la mita 8 kwa 10 chini kwenye mchanga wa Pirnini, na wachoraji zaidi ya 40 wakakaa juu yake, kila mmoja akichora sehemu ya nchi anayoijua: visima, mabwawa ya msimu, njia za wahenga. Ilipofika zamu ya kutoa ushahidi mbele ya baraza linaloshughulikia madai hayo, mzee alitembea hadi kwenye sehemu yake ya turubai, akasimama juu yake na kusema kwa lugha yake. Aliyekuwa na haki ya kuizungumzia nchi ile alisimama hapo. Asiyekuwa nayo hakuthubutu. Maafisa wangetaka ushahidi gani zaidi? Hata hivyo ilichukua miaka kumi mingine. Novemba 2007 mahakama ikaenda Pirnini kwenyewe kutangaza kwamba zaidi ya kilomita za mraba 70,000 ni zao. Wazee kadhaa waliochora walikuwa wamekwisha kufa.

Siasa za miaka ya 1990 nitazipitia haraka. Desemba 1996, katika kesi ya watu wa Wik wa Cape York, Mahakama Kuu iliamua kwa nne dhidi ya tatu kwamba ranchi za kukodishwa, ambazo ni eneo kubwa ajabu la bara hilo, haziui haki ya wenyeji moja kwa moja. Zote mbili zinaweza kukaa pamoja, na zikigongana mwenye ranchi anashinda. Wafugaji wakubwa na kampuni za madini wakapiga kelele. Serikali ya John Howard ikaibadilisha sheria mwaka 1998 na kuipunguza makali. Watu walitishwa kwamba viwanja vya nyumba zao vitachukuliwa, jambo ambalo halikuwezekana kisheria hata kidogo, kwa sababu kiwanja cha umiliki kamili kilikwisha kuua haki hiyo zamani.

Hata wanaoshinda, wanashinda nini? Mara nyingi ni haki ya kuingia, kuwinda, kuvua, kufanya ibada, sambamba na haki za wengine. Si haki ya kusema hapana. Kampuni ikitaka kuchimba, sheria inawapa wenyeji nafasi ya kujadiliana kwa nia njema. Miezi sita ikipita bila makubaliano, suala linaweza kupelekwa mbele ya baraza la uamuzi, na ni mara chache mno baraza hilo limemzuia mchimbaji. Kila anayeketi kwenye mazungumzo hayo anajua hilo, na bei inapangwa kwa kulijua.

Tunajua jinsi linavyoweza kuishia. Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura wa Pilbara, Australia Magharibi, walitambuliwa na mahakama kuwa wenye nchi yao mwaka 2015. Mwezi Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge ili ifikie chuma kilichokuwa chini yake. Pango moja lilikuwa limetumiwa na watu kwa miaka 46,000 hivi. Ndani yake kulikuwa kumepatikana msuko wa nywele za binadamu wa miaka 4,000, na vipimo vilionyesha unahusiana na watu hao hao wanaoishi leo. Kibali cha kuliharibu kilikuwa halali. Kilitolewa mwaka 2013 chini ya sheria ya jimbo, na milki iliyotambuliwa na mahakama haikuweza kukizuia. Wakubwa kadhaa wa kampuni, akiwemo mtendaji mkuu, walipoteza kazi zao. Pango halikurudi. Ni uzembe wa sheria kumtambua mtu kuwa mwenye nyumba na kumnyima ufunguo.

Kwenye fidia ndiko kumeanza kupambazuka. Mwaka 2019, Mahakama Kuu iliwapa Wangaliwurru na Wanungali wa Timber Creek zaidi ya dola milioni 2.5 za Australia kwa ardhi iliyotwaliwa katika mji wao mdogo. Dola milioni 1.3 kati ya hizo zilikuwa kwa ajili ya maumivu ya kiroho na kitamaduni ya kutengwa na nchi yao. Kwa mara ya kwanza mahakama hiyo ilikubali kwamba hasara haiishii kwenye bei ya kiwanja sokoni.

Na tarehe 12 Machi 2025 kesi ya Gove ilipata jibu lake. Galarrwuy Yunupingu wa ukoo wa Gumatj alikuwa kijana pale Wayolngu waliposhindwa mwaka 1971. Baba yake alikuwa miongoni mwa viongozi wa madai yale. Mwaka 2019 alifungua shauri jipya dhidi ya serikali ya shirikisho kwa ardhi na madini yaliyotwaliwa kwenye rasi hiyohiyo. Mahakama Kuu iliamua kwamba milki ya wenyeji ni mali, na kwa kuwa ni mali, katiba ilikuwa inailinda katika eneo hilo tangu serikali ya shirikisho ilipolichukua mwaka 1911: ukiitwaa, lazima ulipe kwa haki. Ule ukuta wa mwaka 1975 umebomolewa kwa upande huo mmoja wa nchi. Kiasi cha fidia kiliachwa kipangwe na mahakama ya chini. Yunupingu mwenyewe alikuwa amefariki Aprili 2023.

Wayorta Yorta hawakufaidika na lolote kati ya hayo. Uamuzi wa 2002 bado ndiyo sheria, na kila kundi linalokwenda mahakamani leo bado linapimwa nao. Njia ya kurekebisha inajulikana. Mwaka 2008 Robert French, ambaye baadaye mwaka huohuo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Australia, alipendekeza mzigo ugeuzwe: wenyeji wakionyesha kwamba wanatoka kwa watu walioishi hapo na kwamba bado wanashika desturi zao, mahakama ichukulie kuwa uhusiano wao na ardhi haujakatika, na serikali inayodai umekatika ndiyo ilete ushahidi. Serikali ndiyo yenye kumbukumbu za misheni, za polisi na za maafisa wa ardhi. Serikali ndiyo iliyowahamisha watu. Haki inataka ijibu yenyewe kwa iliyoyatenda. Pendekezo hilo halijawa sheria, na bunge la Canberra halina sababu ya maana ya kuendelea kulikalia.